Kibao cha 50, Lami na Tuta: Nusu Karne ya Kupunguza Mwendo Dar es Salaam

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili, kila moja bila habari ya mwenzake. Dar es Salaam, Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka huo, ambayo mpaka leo ndiyo inayomtaka dereva anayeingia kwenye makazi ya watu asizidi kilomita 50 kwa saa. Uingereza, mtafiti wa maabara ya serikali ya barabara, G. R. Watts, alichapisha ripoti ya majaribio yake ya tuta: mgongo wa mviringo wenye kimo cha sentimita 10 na upana wa mita 3.7 kutoka gurudumu linapopanda hadi linaposhuka. Alikuwa akitafuta umbo litakalomlazimisha dereva kupunguza mwendo bila kumvunjia gari.

Kimoja kiliandikwa kwenye karatasi, kingine kilimwagwa kwa lami. Ukizunguka leo Tandika, Yombo, Mbagala, Mwananyamala, Tandale au Goba, huhitaji kuuliza ni kipi kilichowafikia wananchi. Kibao cha 50 utakitafuta sana. Tuta utakutana nalo kabla hujamaliza mtaa.

Sisemi sheria haina kazi. Ninachosema ni kwamba katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, historia ya kupunguza mwendo imeandikwa zaidi na wakazi wenyewe kuliko na ofisi yoyote, na mara nyingi imeandikwa baada ya mazishi.

Jiji hili lina historia ndefu na magari. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliwasha gari lake hapa Dar es Salaam na kuelekea magharibi, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1909. Ndiyo safari ya kwanza ya gari kulivuka bara la Afrika. Kwa karibu miaka miwili Graetz alipambana na matope, mito na uhaba wa petroli. Mwendo haukuwa tatizo la mtu yeyote.

Huko Ulaya ulikuwa umeshaanza kuua. Bridget Driscoll, mama aliyegongwa na gari London tarehe 17 Agosti 1896, anatajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza Uingereza kuuawa na gari la petroli. Miaka iliyofuata Waingereza waliweka kikomo cha mwendo, kisha wakakiondoa mwaka 1930 kwa hoja kwamba dereva mwenye akili timamu anajua mwenyewe aende vipi. Waliilipia hoja hiyo. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,300 walikufa barabarani, na tarehe 18 Machi 1935 kikomo kikarudishwa kwa ajili ya maeneo ya makazi: maili 30 kwa saa, ambazo ni kilomita 48. Vifo vikapungua mwaka huohuo. Tanganyika wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza, tukarithi kwao kuendesha kushoto na sehemu kubwa ya mawazo ya sheria zetu za barabara. Kilomita 50 zetu hazikukaa mbali na maili 30 zao.

Tofauti ni kwamba Uingereza dereva alitambua makazi kwa nguzo za taa zilizopangwa kando ya barabara. Dar es Salaam makazi hayakusubiri nguzo.

Jiji lilikua kwa kufuata njia nne zinazotoka mjini: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo sasa ni ya Nyerere, na ya Kilwa. Zilikuwa njia za kwenda mbali, kubeba katani, pamba na abiria wa bara. Mipango mikuu ya jiji ilichorwa mwaka 1949, 1968 na 1979, na kila mara watu walikuwa wameshaupita mpango kabla wino haujakauka. Magomeni na Temeke vilipangwa na kupimwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Manzese, Mtoni, Mbagala, Kimara na Tegeta vilijijaza vyenyewe, kiwanja kwa kiwanja, mgeni akimpokea mgeni. Sensa ya 1967 iliwakuta wakazi takriban 270,000. Ya 2022 iliwakuta 5,383,728. Kinondoni na Temeke zilielemewa mpaka zikagawanywa, Ubungo ikatoka ubavuni mwa moja na Kigamboni mwa nyingine.

Hivyo barabara kuu ikageuka kuwa mtaa. Lori linaloshuka na mzigo kutoka Morogoro halikuwa limefika mjini lilipopita Kimara, lakini kwa mama anayevuka kwenda sokoni, Kimara ndiyo mjini kwake. Barabara moja, macho mawili. Dereva anaona njia ya kwenda Mikumi na Iringa, mkazi anaona uwanja wa kwenda dukani, msikitini, kisimani, kituoni. Sheria ya 1973 ilitaka kuumaliza ugomvi huo kwa namba moja tu.

Kwa miaka mingi namba yenyewe haikuwa na kazi kubwa, kwa sababu umaskini wa barabara ulifanya kazi hiyo. Magari yalikuwa machache. Katika shida ya mafuta serikali iliwahi hata kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mwaka 1974 lilianzishwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, na mabasi yake yalijaza watu hadi mlangoni. Yaliposhindwa kutosha, mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa, na daladala likazaliwa rasmi. Lami ya jiji ilikuwa imechoka kiasi kwamba dereva alikuwa akiendesha kwa kuchagua shimo la nafuu. Wakazi wa siku hizo waliyalaani mashimo, na walikuwa na haki. Lakini gari linalokwepa shimo kila baada ya mita ishirini haliwezi kwenda kasi mbele ya shule.

Halafu mambo yakafunguka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini kwa wingi, moja baada ya jingine, mpaka leo hujui yanakoishia. Barabara kuu zikakarabatiwa, nyingi kwa msaada wa Japani. Barabara ya Kilwa ilipanuliwa. Kutoka Mwenge hadi Tegeta, karibu kilomita 13 za Barabara ya Bagamoyo zikawa njia nne mwaka 2014. Pikipiki na bajaji za abiria zikatambuliwa na kanuni za leseni mwaka 2010, na bodaboda wakawa kila kona. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi kati ya Kimara na Kivukoni katika njia zao za katikati ya barabara, laini, nyoofu, zisizo na foleni. Kimara hadi Kibaha zikafuata njia nane. Nyumba nyingi zilivunjwa mwaka 2017 kuipisha barabara hiyo, kwa kuwa hifadhi yake ilikuwa pana tangu enzi za mkoloni.

Maendeleo haya yote niliyashangilia kama wengine, na sitaki kuyarudisha nyuma. Ila kuna jambo halikuingizwa kwenye hesabu. Kila tulipopanua barabara tuliongeza mambo mawili kwa wakati mmoja: mwendo wa anayepita na urefu wa safari ya anayevuka. Mtoto aliyekuwa akivuka njia mbili zenye mashimo sasa anavuka njia nne za lami nyororo. Manzese na Kimara kuna madaraja ya watembea kwa miguu juu ya barabara, na yanasaidia. Lakini mwenye ndoo kichwani, mjamzito, mzee wa magoti mabovu na mwanafunzi aliyechelewa hupima ngazi zile, kisha hutazama kushoto na kulia, wakakimbia.

Hapo ndipo kilomita 50 zinapotakiwa kuangaliwa kwa karibu, maana watu wengi huziona kama mwendo wa kinyonga.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Chukua dereva mzima, aliyelala vizuri, asiyeshika simu. Mtoto anachomoka kati ya magari yaliyoegeshwa. Toka macho yamwone hadi mguu uguse breki inapita kama sekunde moja, na gari limeshakwenda mita 14 kwa mwendo uleule. Breki zikishika kwenye lami kavu, zinahitaji mita nyingine 14 hivi kulisimamisha. Jumla mita 28. Sasa mpe dereva huyohuyo kilomita 30. Sekunde ya kwanza inamla mita 8, breki zinamla mita 5, gari limesimama ndani ya mita 13.

Kwa hiyo kama mtoto yuko mita 13 mbele, gari la kilomita 30 linasimama miguuni mwake. Gari la kilomita 50 linamfikia kabla dereva hajakanyaga breki. Halijapunguza hata kidogo. Na hapo tumezungumzia gari zima na lami kavu. Weka kosta iliyojaza abiria, tairi vipara na mvua ya masika, halafu piga hesabu upya.

Kuhusu kinachotokea baada ya mgongano, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa huongezeka mara 4.5 mwendo wa gari linalomgonga unapotoka kilomita 50 kufika 65. Kilomita 15 tu, ambazo dereva wa Barabara ya Mandela usiku huziongeza bila kujua. Kwa wastani wa magari yote ya barabarani, mwendo ukizidi kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye vifo hupanda kwa asilimia 4. Wanaosema dakika mbili za kuwahi hazimdhuru mtu hawajakaa na takwimu hizi.

Takwimu zetu wenyewe ni za kuumiza kwa namna nyingine. Mwaka 2016 vifo vya barabarani vilivyoripotiwa Tanzania vilikuwa 3,256. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba idadi halisi ya mwaka huo ilikuwa zaidi ya 16,000. Anayefariki wiki mbili baadaye wodini, aliyepelekwa kwao kijijini kuuguzwa, aliyezikwa bila taarifa kufika kituoni, wote hao wanaweza kuponyoka kwenye daftari.

Wanaponyoka pia kwenye kumbukumbu ya taifa. Tunakumbuka tarehe 12 Aprili 1984, siku aliyofariki Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya gari karibu na Dakawa. Tunakumbuka tarehe 6 Mei 2017, Karatu, wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wa basi la shule ya Lucky Vincent. Nchi nzima ililia, na ilistahili kulia. Lakini mwanafunzi mmoja wa darasa la pili aliyegongwa na bodaboda Mtoni Mtongani, na wiki inayofuata mwingine Mwananyamala, na mwezi unaofuata mwingine Kunduchi, hao hawasimamishi nchi. Mtaa unasimama. Msiba unakaa siku tatu, turubai linashushwa, na kinachobaki barabarani, kama majirani wakikasirika vya kutosha, ni tuta.

Njia ambayo tuta hupitia kufika mtaani haibadiliki sana. Mtaa una barabara ya vumbi. Gari likipita kwa kasi linajipasua lenyewe, kwa hiyo magari yanapita taratibu. Mradi unakuja, mitaro inachimbwa, lami inamwagwa, kila mtu anafurahi, kodi za nyumba zinapanda. Ndani ya wiki moja daladala na bodaboda zimeshagundua njia mpya ya kukwepa foleni ya barabara kubwa. Kisha anagongwa mtoto. Vijana wanatoa magogo na mawe, barabara inafungwa, polisi wanakuja, mwenyekiti wa mtaa anasimama katikati kutuliza watu, na dai linakuwa moja: tunataka matuta. Habari ya namna hii imechapwa magazetini mara nyingi kiasi kwamba ungeweza kubadilisha jina la mtaa tu.

Ahadi ikichelewa, watu wanajijengea. Litazame tuta la namna hiyo kwa makini siku moja. Mifuko miwili mitatu ya saruji ya mchango, mchanga, kokoto, pengine nondo zilizobaki kwenye ujenzi wa jirani, na kazi inafanyika usiku magari yakipungua. Linatoka jembamba na refu, lina kingo badala ya mgongo. Juu yake kuna mikwaruzo mirefu myeusi ya gari ndogo zilizogusa chini, na doa la oili palipopasuka sampo ya mtu. Upande wa mtaro limeachwa pengo la futi moja ili maji ya mvua yapite, na pengo hilohilo ndilo bodaboda wote wanalolenga, tena bila kupunguza mwendo, mahali haswa ambapo wanafunzi hupita. Halina rangi. Usiku mwenye pikipiki asiyeujua mtaa analivamia na kuruka. Mchana mama muuza karanga amelipenda, maana ndipo pekee magari yanapokwenda taratibu kiasi cha kumpa abiria chenji.

Linaokoa, na linaumiza. Madereva wa daladala wanalilaumu kwa springi, wagonjwa wanaokimbizwa hospitali wanalisikia kila mfupa, na malalamiko ya matuta yamefika hadi bungeni. Nayaheshimu malalamiko hayo. Ila kila ninaposikia mtu akidai matuta yaondolewe, natamani aeleze pia ataweka nini mahali pake kesho asubuhi saa kumi na mbili, watoto wanapotoka majumbani.

Jibu la kawaida ni askari. Trafiki wa Dar es Salaam wanafanya kazi ngumu juani, na tochi imewatia adabu madereva wengi wa mabasi ya mikoani. Unapigwa tochi huku, picha inatumwa kwa simu kule mbele, unakuta askari anakusubiri na faini ya shilingi 30,000. Tangu 2003 Kenya nao waliwabana wenye matatu kwa kanuni zilizobeba jina la waziri John Michuki: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na mikanda kwa kila abiria, na kwa muda watu waliiona tofauti. Lakini hivyo vyote vinafaa barabara kuu. Madereva huwashiana taa, na kasi inarudi mara tu trafiki akishapitwa. Na hakuna jeshi la polisi duniani lenye askari wa kukaa na tochi kwenye kila mtaa wa Yombo Vituka na Kijitonyama kuanzia alfajiri hadi usiku. Tuta halilali, halipokei kitu na halimjui mkubwa.

Ndiyo maana sura ninayoithamini kuliko zote katika historia hii ilianzia kwenye mageti ya shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika la Amend, linalofanya kazi ya usalama barabarani katika nchi kadhaa za Afrika, lilianza kuzikagua shule za Dar es Salaam zilizokuwa na watoto wengi wanaoumia. Waliuliza swali la kijinga ambalo halikuwa limeulizwa: mtoto huyu anapita wapi hasa? Wakamfuata njia yote. Wakakuta geti linalofunguka moja kwa moja barabarani, njia ya miguu iliyoliwa na magari yaliyoegeshwa, zebra iliyofutika, kona ambapo dereva hamuoni mtu mfupi.

Marekebisho yalikuwa madogo kiasi cha kumkatisha tamaa mpenda miradi mikubwa. Matuta yenye vipimo sahihi kabla ya geti. Zebra juu ya tuta pana, ili gari lipande kwa mtoto badala ya mtoto kushuka kwa gari. Njia ya miguu iliyotenganishwa na barabara kwa vizuizi vya zege ambavyo gari haliwezi kuvikalia. Vibao. Geti kuhamishiwa upande wa mtaa tulivu pale ilipowezekana. Na somo darasani la namna ya kuvuka. Kisha wakafanya jambo ambalo miradi yetu mingi hulikimbia: walipima. Shule zilizorekebishwa zililinganishwa na shule za aina hiyohiyo ambazo zilikuwa bado, kwa kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza familia nani ameumia. Majeraha ya watoto yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 taasisi ya WRI ya Marekani iliupa mradi huo tuzo yake ya kwanza ya miji, dola 250,000, mbele ya miradi mikubwa zaidi kutoka mabara mengine.

Asilimia 26 kwa saruji, rangi na kuhamisha geti. Hakuna mashine iliyoagizwa nje.

Wakati huohuo mtandao wa asasi za kiraia, wakiwemo wanasheria wanawake wa TAWLA na wanahabari wa TAMWA, ulikuwa ukidai sheria ya 1973 ifumuliwe. Madai yalikuwa kofia ngumu kwa abiria wa pikipiki na si kwa dereva peke yake, mikanda viti vya nyuma, viti vya watoto, na mwendo. Namba 50 iliwekwa kwa jiji la watu laki chache. Haitofautishi barabara ya njia sita na kichochoro cha Tandale ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta mbili.

Dunia yenyewe imesogea. Graz, mji wa Austria, ulishusha mwendo hadi 30 katika mitaa yake ya makazi mwaka 1992, na leo hausikii mtu akiomba uharibiwe mpango huo. Februari 2020 mawaziri wa nchi mbalimbali walikutana Stockholm wakakubaliana kwamba kilomita 30 kwa saa ndiyo iwe kikomo mahali ambapo magari na watembea kwa miguu wanachanganyika, na Agosti mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono azimio hilo na kuweka lengo la kupunguza vifo na majeraha kwa nusu ifikapo 2030. Wales ilishusha mitaa yake mingi hadi maili 20 Septemba 2023, kukawa na kelele kubwa za madereva.

Kelele hizo tutazisikia hapa pia. Watasema Dar es Salaam ina foleni, nani ataenda hata hiyo 30? Wanaotembea usiku, wanaotembea Jumapili asubuhi, na bodaboda wakati wote. Watasema uchumi utadorora. Lakini daladala linalosimama kila mita mia tatu kupakia halipati faida yoyote kwa kukimbia 60 kati ya vituo viwili, linachopata ni breki kuisha. Na abiria wa Mbagala anayechelewa kazini anacheleweshwa na makutano, siyo na mwendo wa kupita mbele ya shule ya msingi.

Jambo linalonifanya nione haraka ya kulizungumza hili ni lami. Kati ya 2015 na miaka ya mwanzo ya 2020, Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliweka lami, mitaro na taa katika mitaa mingi ya Kinondoni, Temeke na Ilala ambayo haikuwahi kuota ndoto ya kupitika masika. Watu waliokuwa wakivua viatu kuvuka matope wanajua thamani yake. Wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, ndio unaobeba mitaa hiyo sasa, huku barabara kuu zikiwa kwa TANROADS. Awamu ya pili ya DMDP imeshaanza. Maana yake ni kwamba mitaa mingi zaidi iko karibu kutoka kwenye vumbi linalopunguza mwendo na kuingia kwenye lami inayouongeza.

Kwa mara ya kwanza tuna nafasi ya kubadilisha mpangilio. Tuta la vipimo sahihi likijengwa pamoja na barabara ni sehemu ndogo mno ya gharama ya mkataba, kwa kuwa mkandarasi yupo, lami ipo, rola ya kushindilia ipo. Likijengwa miaka miwili baadaye linahitaji barua, bajeti nyingine, na kwa kawaida jeneza. Rasta za kumtahadharisha dereva, rangi nyeupe, kibao cha 30 kwenye mlango wa mtaa, njia ya miguu iliyoinuliwa: vyote hivi vinatakiwa kuwa kwenye mchoro kabla greda haijashuka.

Mchoro huo si siri. Kabla ya kazi kuanza, wahandisi hukutana na wakazi ofisi ya serikali ya mtaa au kata, kwa kawaida kuzungumzia fidia, mitaro na nguzo za umeme. Watu huuliza sana habari ya ukuta wao utakaovunjwa, na ni haki yao. Katika mkutano huohuo mwenye mtoto anayesoma ng'ambo ya barabara anaweza kunyanyua mkono na kumuomba mhandisi aonyeshe kwa kidole mahali matuta yalipo kwenye karatasi ile, mangapi, kimo gani, na kama mojawapo liko kabla ya geti la shule. Kama hayapo, kumbukumbu za mkutano ziandikwe hivyo, na zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.